Bosi Akiwa Mtani

Mwaka 1941 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala kuhusu utani. Aliyeiandika, Reginald Moreau, alikuwa mtaalamu wa ndege. Aliishi Amani, kwenye misitu ya Usambara ya mashariki, katika kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na kuna ndege wa nchi hii ambao hadi leo wanabeba jina lake katika vitabu vya sayansi. Nadhani mtu aliyezoea kukaa kimya porini akisubiri sauti hawezi kuishi miaka mingi karibu na vibarua bila kusikia sauti nyingine pia: watu wazima wanatukanana hadharani, wananyang'anyana vitu, wanacheka, kisha wanaendelea na kazi. Akauliza, akaandika kabila gani lina utani na lipi, na mwaka 1944 akalirudia jambo hilo katika jarida la Africa la London.

Wakati huo wasomi wa Uingereza walikuwa wameanza kuuchimba utani. Radcliffe-Brown alikuwa ameandika juu yake mwaka 1940, akieleza kwamba utani ni njia ya watu wanaounganishwa na jambo na kutenganishwa na jambo jingine kuishi bila kupigana. Wakauweka kwenye faili la ukoo, ndoa na mazishi. Hawakukosea. Ila mimi nimefanya kazi za utumishi kwa miaka 11, nimeandika barua za onyo na za kuitwa kujieleza kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila nikizisoma makala zile naona faili moja lilisahaulika, nalo ni la kazi. Utani wa kabila na kabila, huu ambao leo tunaujua zaidi kwa Simba na Yanga, kwa sehemu kubwa ulikulia njiani, na njia yenyewe ilikuwa mahali pa kazi.

Nasema njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo na Saadani hadi Unyanyembe na Ujiji. Mnyamwezi aliyebeba pembe au mitumba alikuwa mtu wa ajira: alipatana ujira, alijua uzito wa mzigo wake, na aliweza kuutua chini akaondoka. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi hao, anaonyesha jinsi walivyojenga utamaduni wao wa kazi, na utani ulikuwemo ndani yake. Mtu anayepita nchi za watu miezi kadhaa anahitaji pa kulala, anahitaji chakula akiugua na, akifa, anahitaji wa kumzika. Mtani ndiye aliyempa hayo. Wanyamwezi na Wazaramo wakawa watani kwa njia hiyo. Wengine, kama Wangoni na Wahehe, waliufikia utani kwa kupitia vita: walipochoka kuuana wakabaki na deni la maneno, na deni hilo hulipwa kwa matusi yasiyo na hasira.

Msafara ulikuwa na wakuu wake. Kirangozi alitangulia amevaa manyoya na ngozi, na nyuma yake kila kikundi kilikuwa na mnyampara wake. Neno hilo la Kinyamwezi lilimaanisha mzee, mkuu wa watu. Tazama lilikofika. Katika mashamba ya Wajerumani na Waingereza likawa mnyapara, msimamizi wa vibarua. Gerezani likawa nyapara, mfungwa anayewasimamia wafungwa wenzake. Na kufikia miaka ya 1970 unyapara ulikuwa tusi la kisiasa, sawa na ubwana na ukandamizaji. Sijui kama kuna neno jingine la Kiswahili lililoporomoka hivyo kwa kupanda cheo.

Lakini si kila kicheko dhidi ya mkubwa ni utani. Kipo kicheko cha nyuma ya mgongo, nacho ni cha zamani vilevile. Carl Peters, aliyezunguka na mikataba yake ya kulaghai na baadaye akafukuzwa kazi na serikali yake mwenyewe mwaka 1897, aliitwa Mkono wa Damu. Tom von Prince, ofisa aliyepigana na Mkwawa, aliitwa Bwana Sakarani, mtu aliyelewa. Wengine husema ni ulevi wa vita. Jina hilo yeye alilipenda, akaliweka kwenye shamba lake huko Usambara, na akafa mwaka 1914 katika mapigano ya Tanga. Shamba likabaki na jina. Siku hizi wamonaki wa Kibenediktini wa Sakharani hutengeneza divai hapo, na mimi huona kwamba walioligawa jina lile bado wanacheka mahali fulani. Utawala mzima wa Wajerumani nao ulipata jina la nambari: hamsa ishirini, viboko 25, ambavyo kwa kanuni ya mwaka 1896 ndivyo vilikuwa kikomo cha kumchapa mtu kwa mara moja. Kibarua aliyetoroka shamba aliweza kupelekwa bomani kwa ombi la mwajiri wake akahesabiwa hizo.

Jina la kupanga lina kasoro moja: linafanya kazi mradi bosi hajui, au akijua asielewe. Linampoza aliyeumia. Halimwambii aliyeumiza kitu. Sakarani alilibeba tusi lake kama nishani. Utani ni kinyume chake kabisa. Unataka bosi awepo, watu wengine wawepo, asikie, na acheke. Akikasirika ameshindwa, na kwa desturi anatozwa. Ndiyo maana nauona kuwa chombo chenye makali zaidi, ingawa kwa macho unaonekana mchezo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Mngoni wa Songea. Alikwenda Tanga kama manamba, yaani alikuwa mtu aliyegeuzwa nambari akiwa bado nyumbani kwake, kabla hajapanda lori. Mkonge ulikuwa umeletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 iliyonusurika safari, na kufikia wakati wa babu ulikuwa umefunika nchi kutoka Tanga hadi Kilosa. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika lao la kutafuta vibarua, SILABU, na watu wa kusini na wa magharibi wakaletwa kwa maelfu. Kazi ilihesabiwa kwenye kipande, kadi yenye siku 30. Siku haikuandikwa mpaka mnyapara aridhike na mafungu ya majani uliyokata. Ukikata pungufu, umeshinda juani bure.

Mnyapara wa babu alikuwa Mnyamwezi. Wangoni na Wanyamwezi ni watani. Babu alisimulia jambo hili mara nyingi, na sisi wajukuu tuliruhusiwa kuliharibu kwa kulimalizia kabla yake. Siku moja mnyapara alikataa mafungu ya watu sita mstari mmoja, kwa sababu majani yalikuwa mafupi. Majani yalikuwa mafupi kwa sababu sehemu ile ya shamba ilikuwa imechoka, jambo ambalo kila mtu alilijua, na mnyapara mwenyewe alilijua kuliko wote. Kubishana naye kulikuwa ukaidi. Babu akalala chini, chali, akafumba macho. Akasema: "Mtani, nimekufa. Kuniosha ni kazi yako, sanda ni yako, na hawa watano watakula kwako siku tatu." Wale watano wakaanza kulia msiba kwa sauti. Mnyapara akasimama juu ya maiti yake na rula mkononi. Mtani hawezi kukataa msiba wa mtani, hata wa kuigiza. Akaomba ajikomboe, babu akataka ugoro na mafungu sita. Vyote vikatolewa.

Meneja Mzungu alikuwa upande wa pili na pikipiki yake, akauliza kuna nini. Mnyapara akamwambia kuna mtu ameumwa jua.

Hicho ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote: mnyapara naye aliingia kwenye uongo. Kwa dakika kumi alitoka upande wa kampuni akarudi upande wa watu, na hakuna aliyemlazimisha. Utani ulimpa mlango wa kutokea bila kuonekana ameshindwa. Mtu aliyeombwa haki kwa hasira lazima ajitetee, lakini aliyeombwa kwa msiba wa uongo anaweza kutoa haki ileile na akaonekana mkarimu.

Wala utani haukupandisha mshahara. Babu alilisema hilo waziwazi. Mshahara ulipandishwa na migomo, ile iliyoyakumba mashamba ya mkonge mwishoni mwa miaka ya 1950, kama ule wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka 1947 ulivyowapandishia makuli. Utani ulishughulika na mafungu sita. Kwa meneja Mzungu haukuwa na njia ya kupita, kwa sababu hakuwa na kabila lililowahi kupigana na Wangoni kisha likapatana nao. Walipigana, mwaka 1905 hadi 1907, na hawakupatana.

Baada ya uhuru mabosi wapya walikuwa watu wa nyumbani, na hapo mambo yakawa magumu kwa namna nyingine. Kicheko cha nyuma ya mgongo kikapata maneno mapya: naizesheni, na Wabenzi. Hili la pili limesambaa Afrika Mashariki yote, na ucheshi wake wote uko kwenye sarufi. Ukichukua gari na kulivika kiambishi cha watu, umezaa kabila: Wahehe, Wazaramo, Wabenzi. Kabila jipya lisilo na mtani.

Baba yangu alikuwa karani wa stoo katika shirika moja la umma la Dar es Salaam. Vyama huru vya wafanyakazi vilikuwa vimefutwa mwaka 1964 baada ya maasi ya jeshi na kuwekwa NUTA, ambayo katibu mkuu wake alikuwa Waziri wa Kazi. Kumshtaki meneja wa serikali kwa chama kinachoongozwa na waziri wa serikali ni kuipeleka kesi ya mbuzi kwa fisi. Kisha Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo. Kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi ufidhuli, majivuno na kudharau watu. Waliokiandika walikuwa wakiwaza mapinduzi ya Amin ya mwezi uliotangulia na uvamizi wa Guinea wa Novemba 1970. Wafanyakazi walikisoma kuwa ni habari ya meneja wao. Katika miaka miwili na nusu iliyofuata kulikuwa na migomo ipatayo 30, na mingi haikudai pesa. Ilidai kutotukanwa. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi wakakitwaa kiwanda. Wengine waliojaribu kuiga waliona upande wa pili wa serikali, na wakati ule ukafungwa.

Ofisini kwa baba hakukuwa na mgomo. Kulikuwa na tarishi mzee, Mzaramo, ambaye meneja, Mnyamwezi, alimtuma sigara mbele ya wageni kwa kumwita "wewe". Yule mzee akaenda, akarudi na sigara kwenye sinia, amevaa koti lake la kazi juu ya shuka, na akamtangazia meneja kwamba mzigo umefika kutoka bara salama, ila mpagazi ameibiwa ujira njiani na anaomba kulala kwa mtani wake. Wageni wakacheka. Meneja akacheka, akamlipa. Tangu hapo, baba alisema, makarani waliokuwa wakipishana na meneja koridoni walikuwa wakihesabu kimoyomoyo lakini kwa midomo inayoonekana: kumi na tatu, kumi na nne... Hawakufika kumi na tano. Nikimkumbuka babu na hamsa ishirini zake naona nchi hii imepiga hatua kumi.

Serikali yenyewe iliupenda utani. Ulionekana ushahidi kwamba umoja wa kitaifa ulikuwepo hata kabla ya chama, na katika miaka hiyo ya 1970 Stephen Lucas na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya habari zake mikoani chini ya kichwa Utani na Jamii Ujamaa. Ni kazi nzuri. Lakini kitu kikisifiwa sana na wakubwa hupoteza meno, na mimi nimeona pia meno yakigeuzwa upande mwingine. Nimepokea malalamiko ya wasichana wa mapokezi, wa masijala, wa jikoni, ambao bosi aliwashika au kuwaambia maneno ya kitandani, na alipoitwa akasema: "Lakini huyu si mtani wangu?" Utani hauna amri ya mkubwa ndani yake. Yule mwenye nguvu ya kukunyima mkataba anapokutania nawe huwezi kumrudishia, hilo lina jina jingine, na sheria inalijua. Babu aliweza kulala chini kwa sababu mnyapara naye, siku nyingine, aliweza kuja kupora kuku wake na babu asiseme neno.

Miaka michache iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, niliandika muhtasari wa kikao cha nidhamu cha dereva. Madereva walikuwa wanadai posho za safari za miezi miwili. Walikuwa wameandika dokezo, likarudi na maneno "subirini". Ndipo dereva huyu, Mpare, akaandika kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, kwa mkurugenzi, Mchaga. Kila Mtanzania anajua Wapare na Wachaga ni watani, na kila mmoja anajua wanachosemana: huyu anapenda hela, huyu anapenda kesi. Akaandika kwamba anaelewa mtani wake kuzipenda hela, ndivyo alivyoumbwa, ila hizi ni za kwetu, na amkumbuke Mpare huwa anauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kudai kuku. Watu 40 wakaweka alama za kicheko. Mkurugenzi mwenyewe, nakumbuka, aliweka ya kwanza.

Kilichofuata kisingewezekana kwenye shamba la mkonge. Mtu mmoja alipiga picha ya skrini akaituma makao makuu, na makao makuu walikuwa nje ya nchi. Kule ilisomwa na watu waliokuta maneno matatu: kabila, pesa, mkurugenzi. Ikarudi kama mashtaka mawili, ubaguzi wa kikabila na kumdhalilisha kiongozi. Mkurugenzi hakuwa ameshtaki. Aliitwa atoe ushahidi wa kudhalilishwa kwake.

Kikao kilichukua saa tatu. Mjumbe kutoka makao makuu, kwa simu, aliuliza kwa adabu kabisa utani umeandikwa katika sera gani ya ofisi. Hakuna aliyeweza kumjibu, maana haukuandikwa. Mkurugenzi aliulizwa kama maneno yale yalimuumiza. Alinyamaza muda. Kama angesema hayakumuumiza, angeonekana bosi anayevumilia ukabila. Kama angesema yalimuumiza, angekuwa mtani aliyekasirika, na kwao Kilimanjaro wangemcheka hadi kaburini. Akasema: "Posho zao zilichelewa. Hilo ni kweli." Dereva, alipopewa nafasi ya mwisho kujitetea, alisema hana la kuongeza isipokuwa kwamba nauli ya kuja kwenye kikao hicho naye anaidai.

Nilicheka peke yangu. Simu ilikuwa wazi, na kicheko changu kilisafiri hadi huko kilikosafiri.

Kwenye muhtasari nilitakiwa nieleze tamko la mshtakiwa kwa lugha ya makao makuu. Nilijaribu neno la mzaha, halikutosha, maana mzaha unaweza kufanywa na yeyote kwa yeyote. Nikajaribu la kejeli, likawa linathibitisha shtaka. Mwishoni niliacha neno "utani" kama lilivyo, nikaongeza aya moja kuhusu Wapare na Wachaga, na nyingine kuhusu makala ya mwaka 1941 ya mtaalamu wa ndege, nikitumaini kwamba kitu kilichochapishwa kwa Kiingereza na Mzungu kingehesabika kuwa sera. Aya zote mbili zilirudi zimekatwa kwa mstari mwekundu. Neno lilibaki.

Posho zililipwa zote wiki ileile, kwa madereva wote. Yeye alipewa onyo la maandishi, na mkataba wake ulipokwisha miezi mitano baadaye haukuongezwa, kwa sababu za bajeti. Mkurugenzi alikwenda kumsaidia kupakia vitu vyake kwenye gari. Kabla ya kufunga mlango dereva alichukua kalamu ya dhahabu kutoka mfuko wa shati la mkurugenzi, akaitia kwenye wake, akaondoka nayo.